Maria Montessori: Daktari Aliyeweka Hesabu Mikononi mwa Watoto



Yeyote kati yetu aliyewahi kupita karibu na chekechea ya parokia anaujua wimbo huu. Watoto arobaini wanapaza sauti kwa pamoja: moja, mbili, tatu, nne, mpaka wanafika ishirini, wengine mpaka mia. Mgeni akisikia anafurahi. Lakini mwite mmoja wao, umtume akuletee mawe saba kutoka uwanjani. Mara nyingi atarudi na konzi ya mawe, akutazame usoni, asubiri umwambie kama ni saba au siyo. Wimbo wa namba anaujua. Namba yenyewe bado hajakutana nayo.

Jambo hili linatuhusu sisi waseminari kuliko tunavyodhani. Wengi wetu, tukijaliwa kufika kwenye upadre, tutakabidhiwa parokia yenye shule ya awali. Wengine tutatumwa huko mapema zaidi, katika mwaka wa kichungaji. Ninyi waamini wa parokia ndio mnaowapeleka watoto wenu pale kila asubuhi. Ndiyo maana tumeona vema kusimulia maisha ya mama mmoja Mkatoliki aliyeitumia miaka yake mingi kuchunguza jinsi mtoto mdogo anavyofika kwenye namba. Jina lake limeandikwa kwenye vibao vya shule nyingi za masista hapa kwetu Afrika Mashariki: Montessori. Jina tunalisoma kila siku, lakini mtu mwenyewe wengi wetu hatumjui.

Binti aliyependa hesabu

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 katika mji mdogo wa Chiaravalle, karibu na Ancona, nchini Italia. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake, Alessandro, alikuwa mtumishi wa serikali upande wa fedha, na mama yake, Renilde Stoppani, alikuwa mwanamke mpenda vitabu na mwenye ibada. Majuma machache baada ya kuzaliwa kwake, majeshi ya Italia yaliingia Roma na utawala wa Papa juu ya mji ule ukafikia mwisho. Hivyo Maria alikulia katika nchi ambamo Kanisa na serikali hawakuwa na maelewano, na maisha yake yote aliyaishi katikati ya hao wawili, akiwa Mkatoliki na mwanasayansi.

Mwaka 1875 familia ilihamia Roma. Alipofika miaka 13 alichagua shule ya ufundi, ambayo siku zile ilikuwa ya wavulana. Huko alisoma hesabu, aljebra na jiometri, na akazipenda kiasi cha kutaka kuwa mhandisi. Baadaye alibadili nia na kutaka udaktari. Baba yake hakupendezwa; mama yake alisimama naye. Katika Chuo Kikuu cha Roma haikuonekana vema mwanamke achunguze maiti mbele ya wanaume, kwa hiyo Maria alifanya masomo hayo peke yake jioni, wenzake wakiwa wameshaondoka. Tarehe 10 Julai 1896 alihitimu. Nchini Italia walikuwepo wanawake wachache sana waliokuwa wamemtangulia katika kazi hiyo.

Watoto wa chumba kitupu

Kazi ilimpeleka kwenye kliniki ya magonjwa ya akili ya chuo kikuu, na kutoka hapo kwenye nyumba walimofungiwa wagonjwa wa akili wa Roma. Humo alikuta pia watoto. Walikuwa watoto wenye ulemavu wa akili, ambao hakuna shule iliyowataka na familia zao zilishindwa kuwatunza, wakawekwa pamoja na watu wazima wagonjwa.

Inasimuliwa kwamba katika nyumba mojawapo mlezi alimweleza kwa dharau jinsi watoto wale walivyojitupa chini baada ya chakula kuokota makombo. Maria akakitazama chumba. Hakikuwa na kitu hata kimoja cha kushika: hakuna kopo, kijiti wala kitambaa. Makombo ndiyo yalikuwa kitu pekee ambacho mikono ile ingeweza kuokota na kugeuzageuza. Daktari huyu kijana akatambua kwamba njaa aliyokuwa akiitazama ilikuwa ya akili, na kwamba akili ya mtoto hujilisha kwa mikono.

Alianza kutafuta kama kuna waliowahi kuwafundisha watoto wa namna hiyo. Aliwapata Wafaransa wawili waliomtangulia, Jean Itard na mwanafunzi wake Édouard Séguin. Séguin alikuwa ametengeneza vifaa vya kushika, kupanga na kulinganisha. Maria alitafsiri maandiko yao kwa Kiitaliano kwa mkono wake mwenyewe, apate kuyasoma polepole. Mwaka 1900 ilifunguliwa huko Roma shule ya kuwaandaa walimu wa watoto wenye ulemavu, naye akawa mmoja wa wakurugenzi wake wawili. Alikaa na watoto hao kutwa nzima, na usiku aliandika aliyoyaona.

Matokeo yalishangaza watu. Baadhi ya watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu, wakafanya mtihani wa shule za kawaida na kufaulu. Wakati wengine wakimpongeza, yeye alijiuliza swali lililomkosesha raha: ikiwa hawa wamewafikia watoto wenye afya, basi hao wenye afya wanafanyiwa nini shuleni hata wabaki chini namna hii?

Mtoto aliyefichwa

Hatuandiki hapa maisha ya mtakatifu aliyetangazwa na Kanisa, na isingekuwa haki kuruka ukurasa huu. Mkurugenzi mwenzake katika shule ile alikuwa daktari Giuseppe Montesano. Walipendana, na tarehe 31 Machi 1898 Maria alijifungua mtoto wa kiume, Mario. Hawakufunga ndoa. Kwa desturi za wakati ule, habari ile ingejulikana, kazi yote ya Maria ingekwisha siku hiyohiyo. Mtoto alipelekwa kulelewa na familia nyingine kijijini, na mama yake alikuwa akienda kumwona bila kujitambulisha. Mwaka 1901 Montesano alioa mwanamke mwingine, na Maria akaondoka katika shule ile.

Mario alikuja kuishi na mama yake alipokuwa na umri wa miaka kama 15, baada ya bibi yake Renilde kufariki mwaka 1912. Hata hapo, kwa miaka mingi watu waliambiwa kwamba ni mpwa wake. Mwanamke aliyekuja kuufundisha ulimwengu kumtazama mtoto hakuweza kumtazama wa kwake akikua. Hatujui aliubebaje msalaba huo moyoni. Tunachokiona ni kwamba baada ya hapo kila mtoto aliyemjia, hasa yule ambaye hakuna aliyemtaka, alimpokea kama mtu mkubwa aliyekuja na ujumbe.

Sikukuu ya Epifania, San Lorenzo

Mtaa wa San Lorenzo huko Roma ulikuwa mtaa wa maskini. Kampuni moja ya majengo ilikarabati nyumba zake na kupangisha familia za vibarua. Wazazi walipokwenda kazini, watoto wadogo walibaki wakizurura kwenye ngazi na kuharibu kuta. Kampuni ikaona ni nafuu kuwatafutia chumba na mtu wa kuwaangalia kuliko kupaka rangi kila mara. Wakamwomba Dk. Montessori asimamie.

Tarehe 6 Januari 1907, sikukuu ya Epifania, chumba kilifunguliwa chenye watoto kama 50 wa umri wa chini ya miaka saba. Walikuwa na woga, wengi wakilia. Maria aliwaza juu ya masomo ya Misa ya siku ile, yanayohusu nuru inayochomoza juu ya watu waliokaa gizani. Nyumba hiyo ikaitwa Casa dei Bambini, yaani Nyumba ya Watoto.

Hakuwa na walimu waliosomea, wala madawati. Alitengeneza meza na viti vidogo ambavyo mtoto anaweza kuvibeba mwenyewe, akaweka vifaa alivyotumia na wale watoto wenye ulemavu, kisha akakaa kutazama. Siku moja alimwona msichana wa miaka kama mitatu akichomeka vipande vya mbao vya duara katika matundu yake, akivitoa na kuvirudisha. Maria akawaambia watoto wengine waimbe na kuzunguka chumba. Msichana hakugeuka. Akamwinua na kiti chake, akamweka juu ya meza. Mtoto alivikumbatia vipande vyake asivipoteze na kuendelea. Alirudia zoezi lile zaidi ya mara 40, kisha akaacha mwenyewe, akiwa ametulia kama aliyeamka usingizini.

Siku nyingine mwalimu alichelewa, na kabati lilikuwa halikufungwa usiku uliotangulia. Alipofika alikuta watoto wameshachukua vifaa na kila mmoja yuko kazini. Mwalimu alidhani ni wizi. Maria aliona kwamba watoto wameshajua wanachokihitaji, akaagiza tangu siku hiyo vifaa viwekwe kwenye rafu za wazi zinazofikiwa na mkono mfupi.

Fimbo za kuhesabia

Tukitaja fimbo shuleni, sote tunakumbuka jambo moja. Katika Nyumba ya Watoto fimbo zilikuwa na kazi nyingine. Zilikuwa fimbo kumi za mbao. Ya kwanza ilikuwa na urefu wa sentimita 10, ya pili 20, na kuendelea mpaka ya kumi yenye urefu wa mita nzima. Kila sentimita 10 zilipakwa rangi moja, nyekundu na buluu zikipokezana. Mtoto wa miaka minne huzibeba moja moja kutoka kwenye rafu na kuzipanga chini kama ngazi. Mkono wake unajua kabla ya mdomo wake kwamba tano ni ndefu kuliko nne, na kwamba imezidi kwa kipande kimoja tu.

Hebu tutafakari jambo hilo. Tukimpa mtoto mawe matano, ana jiwe na jiwe na jiwe; utano wenyewe hauonekani. Fimbo ya tano ni kitu kimoja kinachoshikika chenye sehemu tano ndani yake. Mtoto anaishika namba tano kwa mkono wake.

Kutoka hapo, kujumlisha hakuhitaji maelezo mengi. Anaichukua fimbo ya tisa, anaiwekea ya moja kwenye ncha, na urefu unalingana na ya kumi. Anafanya hivyo kwa nane na mbili, saba na tatu, sita na nne. Inabaki fimbo ya tano peke yake bila mwenzi. Akiilaza kando ya ile ya kumi, kisha akaigeuza kutoka ncha ilipoishia, anakuta imeingia mara mbili kamili. Kwa kazi hiyo moja amekutana na kujumlisha na mwanzo wa kuzidisha. Akiirudisha ile ya moja mahali pake na kubaki na tisa, amekwisha kutoa. Alama za kuandika matendo hayo zinakuja baadaye, wakati yeye mwenyewe anataka kuweka kumbukumbu ya alichokifanya.

Tarakimu zenyewe zilikatwa kwenye karatasi ya msasa na kubandikwa juu ya vibao. Mtoto anaifuata kwa ncha za vidole viwili, kwa mwelekeo uleule wa kuiandika, huku akisikia jina lake. Kwa kufundisha majina, Maria alifuata hatua tatu za Séguin. Kwanza mwalimu anaitaja namba. Pili anamwomba mtoto amwonyeshe au amletee namba fulani kati ya zilizopo. Tatu, na hapo tu, anamwuliza hii ni namba gani. Sisi wengi hurukia hatua ya tatu, na mtoto akikosea tunamkaripia kwa kutojua kitu ambacho hatujampa nafasi ya kukijua.

Sifuri ilikuwa na mchezo wake. Maria alimwita mtoto aje kwake mara sifuri. Mtoto alikuja mbio, kisha akarudi. Maria alimweleza kwa upole kwamba amekuja mara moja, naye alimwita mara sifuri. Watoto walishangaa, wakafikiri, mpaka walipogundua wenyewe kwamba kutii hapo ni kukaa kimya bila kusogea. Kulikuwa pia na mchezo wa vikaratasi vilivyokunjwa: kila mtoto anachukua kimoja, anakisoma kwa siri na kwenda kuchukua vitu kwa idadi iliyoandikwa. Mwenye sifuri anabaki mahali pake akiwatazama wenzake wakijaza mikono. Kwa mtoto mdogo huo ni mtihani mgumu wa kujitawala kuliko hesabu yenyewe.

Kisanduku kingine kilikuwa na vyumba kumi, kuanzia 0 mpaka 9, pamoja na vijiti 45. Mtoto anaweka vijiti katika kila chumba kwa kadiri ya namba yake. Akifika kwenye tisa na vijiti vikapungua, au vikabaki, anajua kwamba mahali fulani amekosea, anarudi kuhesabu. Mwalimu hajasema neno, wala hakuna alama nyekundu. Maria alipenda kosa limfikie mtoto kama taarifa kutoka kwa kazi yake mwenyewe, lisimfikie kama aibu kutoka kwa mtu mkubwa.

Elfu moja inayobebwa

Miaka ilipokwenda, Maria na mwanae Mario waliongeza kifaa kilichokuja kuwa maarufu kuliko vyote: shanga za rangi ya dhahabu. Ushanga mmoja ni moja. Shanga kumi zilizotungwa kwenye waya ni kumi. Nyuzi kumi zilizofungwa pamoja ni mraba wa mia. Miraba kumi iliyopangana ni mchemraba wa elfu. Mtoto wa miaka mitano anashika ushanga mmoja kwa vidole viwili, kisha anaubeba mchemraba kwa mikono yote miwili. Hapo elfu si neno tena, ina uzito.

Mchezo unachezwa na watoto kadhaa na sinia zao, na mmoja wao ni mtunza benki. Wa kwanza ameagizwa alete 1,346, wa pili 2,528. Wanarudi na shanga zao na kadi za namba zake, wanamimina vyote juu ya kitambaa kimoja. Wanaanza kuhesabu mamoja: yako kumi na manne. Kumi kati ya hayo yanapelekwa benki na kubadilishwa kwa waya mmoja wa kumi, yanabaki manne. Makumi sasa ni saba, mamia ni manane, maelfu ni matatu. Kadi ya 3,000, ya 800, ya 70 na ya 4 zinapangwa juu ya nyingine, na inasomeka 3,874. Kile ambacho sisi tulifundishwa kukiandika pembeni bila kujua kimetoka wapi, mtoto huyu amekibeba kwa miguu yake kwenda na kurudi benki.

Kutoa ni mwenzako kuja kukuomba sehemu ya ulicho nacho; mamoja yasipotosha, unakwenda kuvunja kumi. Kuzidisha ni watoto watatu kuleta kiasi kilekile. Kugawanya ni kuweka 3,696 mbele ya watoto watatu na kumpa kila mmoja sawa na mwenzake, kuanzia na maelfu, mpaka kila mmoja awe na 1,232. Jibu la kugawanya ni kile anachopata mtu mmoja. Mtoto anajifunza hesabu na haki kwa wakati mmoja, kwa sababu mwenzake amekaa pale anamtazama.

Lugha yetu inaipokea kazi hii vizuri. Tunaposema kumi na mbili, Kiswahili kimeshamwambia mtoto kwamba kuna kumi moja na mamoja mawili. Ugumu unaanzia kwenye ishirini, thelathini na arobaini, maneno tuliyoyapokea kutoka Kiarabu, ambayo hayamwonyeshi mtoto makumi yaliyomo ndani. Mwalimu akiweka nyuzi mbili za kumi mezani na kusema makumi mawili, kisha ishirini, neno linafunguka.

Mezani pa Bwana

Mbinu hizi zilitoka Roma zikaenea haraka. Kitabu chake cha kwanza juu ya njia hii kilitoka mwaka 1909 na kikatafsiriwa kwa lugha nyingi. Miongoni mwa waliompokea mapema walikuwa masista Wafransiskani Wamisionari wa Maria huko Roma, waliowatunza watoto walionusurika katika tetemeko la Messina la Desemba 1908. Ndani ya konventi yao aliendesha darasa la watoto hao na kuwaandaa walimu.

Mwaka 1910 Papa Mtakatifu Pio X alitoa hati Quam Singulari, akiruhusu watoto wapokee Ekaristi Takatifu tangu umri wa miaka kama saba. Kanisa lilikuwa likisema kwamba mtoto mdogo anaweza kumtambua Bwana. Maria aliipokea kama jibu kwa yale aliyoyaona San Lorenzo. Alipoalikwa Barcelona, Hispania, alianzisha chumba cha ibada cha watoto chenye vitu vya kimo chao. Watoto walipanda ngano na kutunza mizabibu, wakiandaa mavuno yatakayokuwa mkate na divai ya altare. Mwaka 1922 kilitoka kitabu chake kuhusu watoto wanaoishi ndani ya Kanisa.

Kwake mambo haya mawili hayakutengana. Mungu mwenyewe hutufundisha kwa vitu vinavyoshikika: maji, mafuta, mkate, divai, majivu, mishumaa. Aliiona liturujia kuwa njia ya malezi ya Kanisa tangu kale. Miaka miwili baada ya kifo chake, huko Roma, Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi walianza kazi inayojulikana leo kama Katekesi ya Mchungaji Mwema, wakifuata njia hiyohiyo.

Tuseme pia kwamba wapo Wakatoliki waliomtilia shaka, wakihofu kwamba uhuru anaompa mtoto unasahau dhambi ya asili. Wengine hawakufurahia urafiki wake na Wateosofia, ambao ndio waliomkaribisha India. Yeye alibaki Mkatoliki mpaka mwisho.

Uhamishoni

Serikali ya Mussolini ilimpokea kwanza kwa heshima, ikitaka shule zake ziwe sifa ya Italia. Kwa miaka kadhaa alikubali msaada huo, jambo ambalo wengi wamemlaumu kwalo. Lakini mtoto aliyezoea kufikiri hafai kuandaliwa kwa gwaride. Mwaka 1934 uhusiano ulivunjika, shule zake zikafungwa, naye akaiacha nchi yake. Alikuwa na makao Barcelona, na mwaka huohuo ndiko kilikotoka kitabu chake kikubwa cha hesabu za watoto. Mwaka 1936 vita ya wenyewe kwa wenyewe ilimfukuza huko pia. Alipita Uingereza, akatua Uholanzi.

Mwaka 1939 alikwenda India kufundisha walimu. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Waingereza waliotawala India walimhesabu kuwa raia wa adui. Mario alifungwa kambini, yeye akazuiwa asitoke eneo alilokuwepo. Tarehe 31 Agosti, siku alipotimiza miaka 70, serikali ilimpa zawadi: ilimwachia Mario, na katika taarifa yake ikamtaja wazi kuwa ni mwanae. Siri ya miaka 42 ilifunguliwa na watu waliokuwa wamemfunga. Alibaki India mpaka mwaka 1946, akiandaa walimu zaidi ya elfu moja.

Aliporudi Ulaya alikuwa mzee, lakini hakupumzika. Alipendekezwa mara tatu kwa Tuzo ya Nobel ya Amani. Tarehe 6 Mei 1952 alikuwa Noordwijk aan Zee, kwenye pwani ya Uholanzi, akizungumza na Mario juu ya safari ya Afrika, nchi ya Gold Coast ambayo leo ni Ghana, iliyohitaji walimu. Mario aliona hali yake haimruhusu. Mazungumzo yalikuwa hayajaisha alipofariki ghafla, akiwa na miaka 81. Alizikwa katika makaburi ya Wakatoliki ya mji huo, na kaburi lake linawaomba watoto waungane naye kujenga amani. Mwaka 1990 Italia iliweka sura yake kwenye noti ya lira 1,000.

Vizibo na mbegu

Safari ya Afrika hakuifanya. Masista na walimu wengi wameifanya kwa niaba yake, na tunawashukuru. Lakini kuna jambo linalotusikitisha. Njia iliyoanza katika chumba cha watoto wa vibarua, mahali pengi leo imegeuka kuwa jina la shule za wenye uwezo, na watu hudhani bila vifaa vya kuagiza kutoka Ulaya haiwezekani. Huko kwenye vigango vyetu watoto wanaendelea kuimba namba, na asiyeweza kujibu anachapwa.

Fundi seremala wa parokia anaweza kupasua fimbo kumi kwa siku moja. Karatasi ya msasa inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Vizibo vya soda vinaokotwa baada ya kila harusi. Mbegu za mahindi zikishonwa kumi kumi kwenye uzi zinakuwa makumi, na makumi kumi yakifungwa pamoja yanakuwa mia. Kisichonunuliwa ni mtu mzima mwenye uvumilivu wa kukaa chini, kutazama, na kunyamaza mtoto anapofikiri.

Bwana wetu aliwakemea wanafunzi wake walipowazuia watoto wasimkaribie. Wanafunzi wale hawakuwa watu wabaya. Waliona tu kwamba mambo ya maana ni ya wakubwa. Sisi tunaoandaliwa kuwa wanafunzi wake tunaweza kukosea vilevile. Likizo hii, ndugu frateri, ukifika parokiani kwako, usiridhike kusikia wimbo ukiwa dirishani. Ingia, ukae mkekani, umwombe mtoto mmoja akuletee vizibo saba. Akileta vitano, usimwambie amekosea. Vipange pamoja naye, na umwache ahesabu tena.